Sheria ya Delhi, Kidonge cha Luzira

Sheria iliyokuja kuokoa watu wa Kagera, Rakai na Kisumu ilitungwa na watu ambao hawakuwa wameusikia ugonjwa wenyewe. Bunge la India liliipitisha mwaka 1970. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, miaka kumi na mitatu baadaye, na kwa muda watu wa huko waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichoingia kutoka Uganda na kuwavutia vijana. Ng'ambo ya mpaka waliuita Slim, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu mpaka akabaki mifupa. Wabunge wa Delhi hawakuota habari hizo. Walikuwa wakiumizwa kichwa na bei ya dawa za kawaida kabisa, zile ambazo Mhindi wa kijijini alizihitaji na hakuzimudu.

Naanza na sheria kabla ya ugonjwa kwa sababu wengi wetu tunaijua nusu tu ya habari hii. Tunasema dawa za kupunguza makali zilikuwa ghali, kisha wafadhili wakazileta. Ni kweli kwamba wafadhili walizilipia. Lakini kabla ya mfadhili kufungua mkoba alikuwapo mkemia aliyejua kuitengeneza dawa ile kwa bei ya chini, na kabla ya mkemia ilikuwapo sheria iliyomruhusu kujifunza. Bila hao wawili, mkoba wa mfadhili ungekwisha kabla foleni haijasogea.

Waingereza waliiachia India sheria ya hataza ya mwaka 1911. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi: kwa miaka kadhaa mtu mwingine haruhusiwi kutengeneza, kuuza wala kuingiza nchini kitu alichokivumbua bila ridhaa yake, naye kwa upande wake anaeleza hadharani kitu hicho hutengenezwaje. Ni mapatano. Jamii inavumilia bei ya juu kwa muda, kisha inarithi ujuzi. Mapatano hayo yana mantiki, na sina ugomvi na mantiki yenyewe. Ninachouliza ni nani anayevumilia na nani anayerithi.

Afrika Mashariki tuliachiwa urithi mwembamba zaidi. Kenya, kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano baada ya uhuru, haikuwa na hataza yake yenyewe. Ofisi ya Nairobi iliandikisha tu kile kilichokwisha kukubaliwa London, hivyo fundi wa Gikomba aliyebuni kitu kipya na kutaka kukilinda alipaswa kwanza kupeleka maombi Uingereza. Hali ilibadilika kwa sheria ya mwaka 1989. Tanzania ilitunga yake mwaka 1987, Uganda mwaka 1991. Bendera zetu zilipandishwa, sarafu zikachorwa upya, lakini mlango huu wa uchumi ulibaki na kufuli la zamani, na sijui kama kuna hotuba moja ya wakati ule iliyougusa.

India haikuuacha. Mwaka 1948 iliunda kamati chini ya Jaji Bakshi Tek Chand, na mwaka 1957 ikamkabidhi kazi hiyo Jaji N. Rajagopala Ayyangar wa Madras. Ripoti aliyoitoa mwaka 1959 ilikuwa ndefu na ya kuchosha kama ripoti za majaji zinavyokuwa, ila ndani yake kulikuwa na jambo zito. Ayyangar alizipitia hataza zilizotolewa India akaona kwamba sehemu kubwa mno zilikuwa mikononi mwa wageni, na kwamba nyingi kati yake hazikutumika kutengeneza chochote ndani ya nchi. Mwenye hataza alileta bidhaa yake kutoka kwao, akaiuza kwa bei aliyoitaka, na hataza ikawa ya kumzuia Mhindi asijaribu. Kwa maneno mengine, India ililipa gharama ya mapatano yale bila kupata ujuzi wala viwanda.

Ayyangar aliitazama pia historia ya Ulaya, na hapo pana somo ambalo vitabu vyetu vya shule havina. Mwaka 1859 Alexander Clavel alianza kutengeneza rangi ya fuksini huko Basel, Uswisi. Rangi hiyo ilikuwa na hataza Ufaransa. Uswisi haikuwa na sheria ya hataza kabisa. Wakemia wa Ufaransa waliobanwa na sheria ya kwao walivuka mpaka wakaenda kufanya kazi Basel, na kutokana na karakana za rangi za mji ule yakazaliwa makampuni makubwa ya dawa ya Uswisi tunayoyajua leo. Uswisi ilipokuja kukubali sheria ya hataza mwaka 1888, iliiandika kwa namna iliyoiacha kemia nje, na bidhaa za kemikali zenyewe hazikupata hataza huko hadi miaka ya 1970. Uholanzi ilifuta hataza zake mwaka 1869 ikakaa bila hizo hadi 1912, na ni ndani ya kipindi hicho, mwaka 1891, kampuni ya Philips ilipoanza kutengeneza taa za umeme Eindhoven. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1877 ikiruhusu hataza ya njia ya kutengeneza kemikali, si ya kemikali yenyewe, na ikaishikilia kwa miaka tisini. Marekani haikumlinda mwandishi wa kigeni hadi 1891. Charles Dickens alipoitembelea mwaka 1842 alilalamika waziwazi kwamba vitabu vyake vinachapwa kule bila yeye kuona senti.

Siwalaumu. Walifanya kama fundi mchanga anavyofanya: alikaa karibu na fundi mkubwa, akatazama, akaiga, akaharibu, akarudia. Kinachoniuma ni kwamba watoto wa mafundi hao hao, walipokwisha kuwa matajiri, walisimama mbele ya mataifa machanga wakasema kuiga ni wizi na kwamba imekuwa hivyo tangu dunia kuumbwa.

Wakati Ayyangar akiandika, huko Washington kamati ya Seneti chini ya Estes Kefauver ilikuwa ikichunguza bei za dawa. Ilikuta kwamba India, nchi maskini kiasi kile, ilikuwa miongoni mwa nchi zenye bei za juu kabisa za dawa duniani. Matokeo hayo yalinukuliwa sana katika mijadala ya India, na si ajabu, maana yalitoka kwenye mdomo ambao hakuna aliyeweza kuuita wa kikomunisti.

Sheria mpya ilichukua miaka kumi na moja tangu ripoti kutoka. Makampuni ya nje yalipigana nayo, miswada ikaanguka, ikafufuliwa. Ilipopita mwaka 1970 na kuanza kutumika mwaka 1972, kiini chake kilikuwa hiki: dawa na chakula havitapewa hataza ya bidhaa, isipokuwa ya njia ya kuvitengeneza, tena kwa muda usiozidi miaka saba. Chukua mfano wa pilau. Hataza ya njia inamzuia jirani asipike pilau kwa namna yako, kwa kukaanga vitunguu hivi na kutia maji vile, lakini akibuni mapishi yake mwenyewe sufuria ni lake. Hataza ya bidhaa inamzuia asipike pilau kabisa, hata kama mapishi yake ni bora kuliko yako. India ilichagua ya kwanza, na kwa uamuzi huo ilifanya kuwe na faida katika kubuni mapishi mapya. Mkemia wa Kihindi hakulipwa kwa kunakili. Alilipwa kwa kutafuta njia nyingine ya kufika kwenye molekuli ile ile, kwa hatua chache zaidi na kwa malighafi zinazopatikana. Ni elimu ngumu, na kizazi kizima kilisomea humo.

Uwanja wenyewe ulikuwa umelimwa mapema. Serikali ilikwisha kujenga kiwanda cha penisilini Pimpri mwaka 1954 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na baadaye viwanda vingine kwa msaada wa Warusi. Bombay kulikuwa na kampuni binafsi iitwayo Cipla, iliyoanzishwa mwaka 1935 na Khwaja Abdul Hamied, Mwislamu aliyesomea kemia Berlin na kumwoa huko Myahudi kutoka Lithuania. Mwaka 1939 Mahatma Gandhi alikitembelea kiwanda hicho. Mtoto wao Yusuf alizaliwa Vilnius, akakulia Bombay, akasomea kemia Cambridge, na mwaka 1960 akarudi kufanya kazi na baba yake. Alikuwa miongoni mwa wenye viwanda waliopigania sheria ya 1970 tangu akiwa kijana.

Tusogee hadi 1987. Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza dhidi ya virusi vya UKIMWI, AZT, kwa bei iliyokaribia dola 10,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Molekuli yake ilikuwa imetengenezwa mwaka 1964 na Jerome Horwitz huko Detroit, kwa fedha za umma, katika utafiti wa saratani. Haikufaa kwa saratani, akaiweka kando, wala hakuichukulia hataza. Kampuni iliyokuja kuijaribu kwa UKIMWI ndiyo iliyopata hataza ya matumizi hayo mapya. Huko Hyderabad mkemia A. V. Rama Rao, wa taasisi ya utafiti ya serikali, alitafuta njia yake ya kuitengeneza, na mwaka 1993 Cipla ikaiingiza sokoni kwa sehemu ndogo ya bei ya nje. Haikununuliwa. Serikali ya India yenyewe ilisema fedha zake ni za kinga tu, na vidonge vingine vikaishia kutupwa. Nayataja hayo kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba bei ikishuka mambo yote yanajipa.

Mwaka 1996, kwenye mkutano wa Vancouver, madaktari walitangaza kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja zinamwinua mgonjwa kitandani. Huko Ulaya na Marekani watu waliokwisha kuandika wosia walirudi kazini. Bei ya dawa hizo tatu ilikuwa kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mwaka. Kwetu huo ulikuwa mwaka wa mazishi. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanajua Jumamosi zilivyokwenda: msiba huu, kisha ule, shule zikikosa walimu, bibi akibaki na wajukuu saba. Kampala, wachache waliosikia habari za dawa waliuza ng'ombe na viwanja wakanunua za miezi michache, halafu fedha zikaisha, na dawa hizi ukiziacha virusi hurudi.

Tena wakati huo huo ndipo kufuli jipya lilipofungwa. Mazungumzo ya biashara ya dunia yaliyoanza Punta del Este, Uruguay, mwaka 1986 yalikuwa yamebeba ajenda ambayo mikutano ya biashara haikuizoea: miliki bunifu. Edmund Pratt, mkuu wa Pfizer, alikuwa mshauri wa serikali ya Marekani katika mambo ya biashara, na makampuni kama kumi na mbili ya Marekani yaliunda kamati mwaka huo huo kulisukuma jambo hilo. India na Brazil zilipinga kwa miaka. Brazil ilipigwa ushuru wa asilimia 100 kwenye baadhi ya bidhaa zake zilizoingia Marekani mwaka 1988 kwa sababu haikutoa hataza za dawa. India ililegea mwaka 1989. Mkataba ulitiwa saini Marrakesh tarehe 15 Aprili 1994, ukaanza tarehe 1 Januari 1995. Kila mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani angetoa hataza ya miaka 20, kwa bidhaa na kwa njia, dawa zikiwamo. India ilipewa hadi mwanzo wa 2005 kuibadili sheria yake. Nchi maskini zaidi, kama Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zilipewa muda mrefu zaidi. Kenya haimo kwenye kundi hilo, jambo ambalo watu wa Busia, mji wa mpaka wa Kenya na Uganda, huweza kulistaajabia, maana mtaa mmoja una sheria mbili.

Kwa hiyo palikuwa na dirisha: kuanzia siku dawa tatu zilipothibitika hadi Desemba 2004. Miaka minane hivi. Mambo yote makubwa ya historia hii yalipita kwenye dirisha hilo.

Tarehe 28 Septemba 2000 Yusuf Hamied alisimama Brussels mbele ya Kamisheni ya Ulaya akasema anaweza kuuza dawa tatu kwa dola 800 kwa mwaka, na kwamba serikali yoyote itakayotaka kujifunza kuzitengeneza ataipa ujuzi bure. Aliketi. Hakuna aliyemfuata. Februari 2001 alirudi na bei nyingine: dola 350 kwa mwaka kwa Madaktari Wasio na Mipaka, 600 kwa serikali. Bei ile ya kwanza ni chini ya dola moja kwa siku. Safari hii magazeti makubwa ya dunia yaliandika, na baada ya hapo hakuna kampuni iliyoweza tena kusema kwa uso mkavu kwamba dola 10,000 ni gharama ya kutengeneza.

Cipla ilifanya na jambo la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko bei. Iliziunganisha stavudini, lamivudini na nevirapini katika kidonge kimoja, Triomune, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Dawa hizo tatu zilikuwa za makampuni matatu tofauti, na mahali penye hataza za bidhaa hakuna aliyeweza kuziweka kwenye kidonge kimoja bila makampuni hayo kukubaliana. Hawakuwa wamekubaliana. India, ambako molekuli haikuwa na mwenyewe, mkemia aliweza kufikiri kama mkemia. Muulize nesi yeyote wa zahanati ya kijijini maana yake: badala ya makopo matatu yenye saa tofauti, mgonjwa asiyejua kusoma anaambiwa maneno mawili, asubuhi na jioni. Huduma ya tiba vijijini ilisimama juu ya kidonge hicho.

Pretoria nako moto ulikuwa unawaka. Desemba 1997 Nelson Mandela alitia saini sheria iliyoruhusu nchi kununua dawa ya kampuni ile ile mahali inapouzwa rahisi. Februari 1998 makampuni ya dawa yaliishtaki serikali yake. Kesi ilipoanza kusikilizwa Machi 2001 walalamikaji walikuwa 39. Wagonjwa walikuwa wamekwisha kujipanga chini ya Treatment Action Campaign, iliyoanzishwa Desemba 1998. Zackie Achmat, mmoja wa waanzilishi, alikuwa na virusi na alikataa kumeza dawa mpaka zipatikane katika hospitali za umma. Mwaka 2000 alikwenda Thailand akarudi na vidonge vya flukonazoli, dawa ya fangasi, vya bei ndogo akiwa anajua vizuri kwamba anavunja sheria ya hataza, na akawaambia watu hadharani. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Yale kilikuwa mwenye hataza ya stavudini. Wanafunzi wake walikishinikiza, na mvumbuzi mwenyewe, William Prusoff, akasema wazi kwamba angependa dawa yake iwafikie maskini. Machi 2001 kampuni yenye leseni ikatangaza haitaitetea hataza ile Afrika Kusini. Tarehe 19 Aprili makampuni yote 39 yaliiondoa kesi mahakamani.

Kampala, Dkt. Peter Mugyenyi wa Joint Clinical Research Centre hakungoja hukumu ya Pretoria. Aliagiza dawa kutoka Cipla, na kama alivyosimulia mwenyewe, shehena ilizuiwa Entebbe kwa sababu ya hataza. Alikwenda uwanjani akawaambia maofisa kwamba wagonjwa wanakufa, na kwamba yeye haondoki. Shehena ikatoka.

Juni 2001 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya mali ya viwandani iliyofungua mlango kwa dawa za bei nafuu kutoka nje. Mwaka uliofuata, ndani ya muswada wa marekebisho madogo madogo ya sheria mbalimbali, kulipenyezwa maneno yaliyomtaka mwagizaji apate kwanza ruhusa ya mwenye hataza. Maneno machache tu, na mlango ulikuwa umefungwa tena. Wanaharakati na watu wanaoishi na virusi waliyagundua, wakapiga kelele, yakafutwa mwaka huo huo. Ningependa vijana wanaosomea sheria Nairobi na Dar es Salaam wafundishwe kisa hicho, maana kinaonyesha vita hivi hupiganiwa wapi hasa: kwenye jedwali la marekebisho, ukurasa ambao hakuna anayeusoma.

Juni hiyo ya 2001 balozi wa Zimbabwe mjini Geneva, Boniface Chidyausiku, kwa niaba ya nchi za Afrika, alilifanya Shirika la Biashara Duniani lijadili dawa peke yake. Oktoba, barua zenye kimeta zilipoua watu Marekani, serikali ya Marekani iliitishia kampuni ya dawa ya Bayer kwamba itaipuuza hataza ya dawa yake ikiwa haitashusha bei. Watu watano walikufa kwa barua zile. Afrika ilikuwa ikizika maelfu kila siku, na kwa hiyo wajumbe walipokutana Doha mwezi uliofuata ilikuwa vigumu kwa Marekani kusema tishio hilo ni halali kwake na haramu kwa wengine. Tarehe 14 Novemba 2001 mawaziri walitangaza kwamba mkataba wa miliki bunifu hauizuii nchi kulinda afya ya watu wake, na kwamba kila nchi ina haki ya kutoa leseni ya lazima, yaani ruhusa ya kutengeneza dawa bila ridhaa ya mwenye hataza, kwa sababu inazoziona yenyewe. Nchi maskini zaidi ziliongezewa muda kwa dawa hadi 2016.

Utaratibu uliobuniwa baadaye ili nchi zisizo na viwanda ziagize dawa chini ya leseni kama hiyo haukuzaa mengi. Umetumika mara moja: Rwanda iliarifu Julai 2007 kwamba itanunua pakiti 260,000 kutoka kampuni ya Apotex ya Kanada, na shehena ya kwanza ikatoka Septemba 2008. Kanada ilikuwa na sheria hiyo tangu 2004.

Tarehe 28 Januari 2003 Dkt. Mugyenyi alikuwa Washington, ameketi karibu na mke wa Rais Bush, Rais akilihutubia Bunge. Bush alisema ni Waafrika 50,000 tu wanaopata dawa kati ya zaidi ya milioni 4 wanaozihitaji mara moja, kwamba bei imeshuka kutoka dola 12,000 hadi chini ya 300 kwa mwaka, na akaomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Hesabu ni ya darasa la nne. Dola milioni moja kwa bei ya 12,000 inatibu watu 83 kwa mwaka; kwa bei ya 300 inatibu zaidi ya 3,300. Hakutaja sheria ya India ya 1970, na ukarimu wa ombi lile siupunguzi hata kidogo. Lakini mwanzoni mpango uliotokana na ombi hilo ulinunua dawa za makampuni yenye chapa, hadi Marekani ilipoweka utaratibu wake wa kuzikagua dawa za India mwaka 2004. Ukaguzi ulihitajika. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani liliziondoa baadhi ya dawa za India kwenye orodha yake kwa kasoro za maabara zilizozipima, likazirudisha baada ya kupimwa upya. Tanzania ilianza kugawa dawa bure Oktoba 2004, na kadi ya CTC, ya wanaotumia dawa hizo, ikaingia katika mikoba ya akina mama karibu na kadi ya kliniki.

Dirisha lilifungwa. Mwanzoni mwa 2005 India ilianza kutoa hataza za bidhaa. Wabunge wake walibakiza kifungu kimoja, 3(d), kinachokataa hataza ya dawa ya zamani iliyobadilishwa umbo kidogo bila kuongeza uwezo wa kuponya. Novartis ilikipinga kwa ajili ya dawa yake ya saratani ya damu, Glivec, na Mahakama ya Juu ya India ikaitupa rufaa yake tarehe 1 Aprili 2013. Nairobi nako, sheria ya 2008 ya kupambana na bidhaa bandia iliandikwa kwa maneno mapana kiasi cha kuweza kuiita bandia hata dawa halali ya jeneriki, yaani isiyo na chapa ya mvumbuzi. Watu watatu wanaoishi na virusi walikwenda mahakamani. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki yao ya kuishi inatangulia haki ya mwenye hataza, na kwamba vifungu vile havitumiki kwa dawa zao.

Oktoba 2007 Rais Museveni alifungua kiwanda cha dawa Luzira, Kampala: ubia wa Quality Chemicals na Cipla. Ile ahadi ya Brussels ya kufundisha ilikuwa imepata wa kuipokea, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likakiidhinisha. Milango ilikuwa imebadilishana. Sasa ni Uganda, mojawapo ya nchi maskini zaidi kwa hesabu za mkataba, iliyokuwa na ruhusa ambayo Bombay imeipoteza: kutengeneza dawa mpya bila kumwomba mtu. Tanzania ina ruhusa hiyo hiyo. Burundi inayo. Rwanda inayo. Na hapa ndipo lazima niseme jambo lisilopendeza kwa sisi tunaopenda kuzilaumu hataza: kwa miaka mingi mkataba haukutuzuia katika dawa, na bado tuliagiza sehemu kubwa ya vidonge vyetu kutoka nje. India haikupata viwanda kwa kufungua mlango tu. Ilikuwa na Pimpri, ilikuwa na Hyderabad, ilikuwa na wakemia waliolipwa na serikali kukaa maabara miaka mitano wakitafuta hatua moja. Hata Luzira, vidonge vinachanganywa na kugandamizwa Kampala lakini dawa ghafi yenyewe huja kwa meli kutoka Asia, na ikiwa molekuli ina hataza India, ruhusa ya Uganda haimsaidii mkemia wa Kampala asiyejua kuitengeneza mwenyewe.

Mwaka 2014 Uganda iliandika ruhusa hiyo ndani ya sheria yake, na Novemba 2015 Shirika la Biashara Duniani liliirefusha kwa nchi zote maskini zaidi hadi tarehe 1 Januari 2033, au hadi siku nchi itakapotoka katika kundi hilo. Mwaka 2023 Cipla iliuza hisa zake za Luzira ikaondoka. Kiwanda kipo na kinafanya kazi. Kutoka ripoti ya Ayyangar hadi kidonge cha Triomune ilipita miaka 42. Kutoka siku Luzira ilipofunguliwa hadi Januari 2033 ni miaka 25 na miezi michache, na zaidi ya nusu yake imekwisha kupita.